Mwenye korona ndiye mwenye mkonge

Jani la mkonge likishakatwa, saa zake zinahesabika. Likipita siku mbili juani, maji yanakauka, nyama ya jani inagandamana na singa, yaani nyuzi zake, na mashine itakapoligonga haitatoa zile nyuzi ndefu nyeupe ambazo mnunuzi anazilipia. Itatoa vitu vyenye madoa, vya daraja la chini. Mahindi husubiri ghalani. Karafuu ikishakauka husubiri bei. Mkonge nao, ukiwa bado umesimama shambani, una subira kuliko mazao yote hayo. Unaweza kuchelewa kuukata miezi kadhaa na usione hasara kubwa. Ila kisu kikishapita, hausubiri mtu.

Nimeanza na saa hizo kwa makusudi. Kila mjadala wa mkonge wa Tanga unapozuka, iwe ndani ya basi la Korogwe au kwenye ukumbi wenye viyoyozi, watu hugawanyika pande mbili. Wa upande mmoja watakwambia mkonge uliuawa na nailoni. Wa upande wa pili watakwambia uliuawa na Azimio la Arusha. Nimewasikiliza wote kwa miaka, na baadhi yao ni wazee ninaowaheshimu, walioumia kweli. Lakini naona pande zote mbili zinatazama soko na siasa, zinairuka mashine iliyo katikati. Mkonge ni zao ambalo mkulima hawezi kuliuza kama alivyolivuna. Lazima lipite kwenye korona, mashine inayochakata majani kuwa singa, na lipite upesi. Mwenye korona ndiye anayeamua nani alipwe, lini, na kiasi gani.

Neno katani, kwa njia, lina umri mkubwa katika lugha yetu kuliko mkonge wenyewe. Liliingia kutoka Kiarabu, ndugu yake kitani, na watu wa pwani walikuwa wakiita hivyo nyuzi ngumu za kushonea na kufungia kabla mche mmoja wa mkonge haujagusa udongo wa Pangani. Mgeni alipofika akarithi jina la wenyeji. Huko Ulaya nako wafanyabiashara walifanya hivyo hivyo: singa yoyote ngumu, iwe ya bangi, ya mgomba wa Manila au ya mkonge, waliiuza kwa jina moja la katani. Ndiyo maana ukisoma kumbukumbu za zamani za biashara ni rahisi kudhani Tanga ilikuwa ikilima bangi. Haikuwa.

Na korona je? Kwa wasiowahi kuiona: majani yanafika kwa trela, zamani kwa troli zilizopita kwenye reli nyembamba, yakiwa yamefungwa mafungu ya majani 30. Watu wanayafungua na kuyapanga kwenye mkanda, yamelala ubavu kama samaki kwenye meza. Yanabanwa katikati na kupelekwa kwenye ngoma ya chuma yenye visu butu, inayopiga nusu ya jani hadi ibaki singa tupu. Kisha yanashikwa upande ule uliokwisha kupigwa, na ngoma ya pili inamalizia nusu iliyobaki. Maji yanamiminika muda wote. Upande mmoja singa zinatoka zimelowa, zina ukijani, zinachukuliwa kwenda kuanikwa kwenye nyaya. Upande wa pili unatoka mtaro wa tope la kijani lenye harufu chachu ambayo ukiishi karibu nayo utoto wako wote hutaisahau, na utomvu wake ukikugusa unawasha hadi usiku.

Utazame vizuri mtaro huo, kwa sababu ndimo lilimo jani karibu lote. Katika kila kilo 100 za majani, singa kavu ni kilo nne hivi. Kinachobaki ni maji na nyama. Hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyochora ramani ya mkoa. Hakuna mtu mwenye akili atakayesafirisha kilo 96 za maji ili auze kilo nne za kamba, kwa hiyo korona lazima iwe katikati ya shamba, shamba lazima liizunguke, mto au kisima lazima kiwe karibu, na majani lazima yaje kila siku bila kukoma, maana mashine ile inameza nguvu ya injini nzima ikiwa imejaa na inameza nguvu ile ile ikiwa nusu tupu. Hapo umeshapata shamba kubwa la mkonge, hata kabla hujamtaja Mjerumani.

Mjerumani mwenyewe aliitwa Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo. Mkonge asili yake ni kusini mwa Mexico, na jina la kigeni la zao hili ni jina la bandari ndogo ya rasi ya Yucatán, Sisal. Wenyewe hawakutaka mbegu itoke. Hindorf akaagiza miche kutoka Florida, ambako mmea ulikuwa umeshapelekwa miongo kadhaa nyuma. Mwaka 1893 aliagiza miche 1,000. Ilipita Hamburg, ikavuka bahari, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Miche 62 si kitu, ila mkonge una tabia yake. Mmea ukimaliza maisha yake hutoa mlingoti, nguzo inayopanda mita tano, sita, na kwenye matawi yake vinaota vimche vidogo kwa mamia na kwa maelfu, kila kimoja nakala ya mama yake. Baada ya hapo mama anakufa. Kwa hiyo ndani ya miaka michache ile 62 ikawa mashamba.

Lakini watu husimulia habari ya miche 62 kama vile hapo ndipo utajiri ulipoanzia, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Mmea peke yake haukumtajirisha mtu. Kilichotajirisha ni mashine kutoka viwanda vya Ujerumani, na reli ya Usambara iliyofika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902. Mashine moja ya Kijerumani iliitwa Corona, na jina hilo likashika hadi likawa jina la kiwanda chochote cha kuchakata mkonge. Ugonjwa ulipokuja mwaka 2020 ukiwa na jina hilo hilo, kuna watu Hale na Magunga waliokuwa wanafanya kazi korona kwa miaka thelathini, na utani uliotokea hapo nauacha kwa wenyewe. Tunachopaswa kukikumbuka ni kwamba mlowezi mdogo mwenye vijisenti vya kununua ardhi ya kahawa milimani hakuweza mkonge. Mkonge ulitaka kampuni, benki na fundi wa injini. Kufikia mwaka 1913 koloni lile lilikuwa likiuza nje zaidi ya tani 20,000 kwa mwaka, na mwenye kibanda na ekari tatu hakuwamo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Alikuwamo kwa njia nyingine, kama mikono.

Washambaa hawakuupenda mkonge, na walikuwa na haki. Walikuwa na milima yao, migomba yao, mvua yao. Kwa nini ushuke tambarare kwenye joto ukachomwe miiba kwa ujira wa kukamilisha mwezi? Wajerumani wakabuni kadi ya kazi huko Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, iliyomlazimu mwanamume kumfanyia mzungu kazi siku 30 kila miezi minne. Wenyeji wengi wakapata ujanja bora zaidi: walilima chakula na kuwauzia walioko mashambani. Hivyo mashamba yakatafuta watu mbali, na kadiri walivyotoka mbali ndivyo mwenye shamba alivyopenda, kwa sababu mtu aliye umbali wa kilomita 1,000 kutoka kwao hawezi kuondoka Jumamosi asirudi Jumatatu. Wakaja Wanyamwezi, Wasukuma, Wabena, Wangoni, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Waha na Warundi. Wakaitwa manamba, maana kila mmoja alipewa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao maalumu ya kuwasaka na kuwasafirisha, iliyojulikana kama SILABU.

Babu yangu mzaa mama alikuja hivyo, kutoka Kasulu. Hakuwahi kurudi. Kipande chake cha mwisho alikihifadhi kwenye kopo la biskuti pamoja na picha ya marehemu bibi, na nilipokuwa mdogo nilipenda kukitoa nikakishika. Kadi ngumu yenye vyumba 30. Ukimaliza kipimo chako cha siku, karani anatia alama kwenye chumba kimoja. Ukishindwa kumaliza, au ukiugua, au mnyapara akisema mafungu yako ni mabovu, chumba kinabaki kitupu, na siku hiyo umemfanyia tajiri kazi ya bure. Mshahara unatoka vyumba 30 vikijaa. Mwezi wa kipande, babu alikuwa akisema, hauna uhusiano na mwezi wa mbinguni. Mwezi wake mrefu kuliko yote ulichukua wiki tisa, alipokatwa na kisu mguuni.

Jambo lingine alilokuwa akisimulia ndilo lililonifanya nianze kufikiri hivi ninavyofikiri leo. Alisema kambini watu hawakuwa wakimwogopa meneja kama walivyoogopa korona kunyamaza. Korona ikilia tangu alfajiri, kazi ipo, mafungu yanapokelewa, vyumba vya kipande vinajaa. Ikinyamaza mchana kweupe, mkanda umekatika au mtungi umepasuka, basi majani yaliyokwisha kukatwa yanaozea kwenye troli, na aliyeyakata hana wa kumlalamikia. Kina mama walikuwa wakisikiliza mngurumo ule huku wakipima posho. Walijua uchumi wa shamba kwa masikio.

Basi vita vikaja. Mwaka 1942 Wajapani walikuwa wameshika Ufilipino na Java, na kwa hiyo kamba za Manila na mkonge wa Java vikatoweka kwenye soko la Washirika kwa mkupuo mmoja. Marekani iliwarudisha wakulima wake wa Kentucky na majimbo mengine kwenye kulima katani ya bangi, zao ililokuwa imelibana kwa kodi mwaka 1937 tu. Uingereza ikaigeukia Tanganyika. Watu wakachukuliwa kwa amri kwenda mashambani. Amani ilipopatikana bei haikushuka, na vita vya Korea vikaipaisha tena mwaka 1951. Hiyo ndiyo enzi ambayo wazee wa Tanga wanaikumbuka wanapotaja dhahabu nyeupe. Mji ulijengwa enzi hiyo. Vyama vya wafanyakazi navyo vilizaliwa enzi hiyo, na mgomo wa shamba la Mazinde mwaka 1958 ulionyesha kuwa manamba walikuwa wamejifunza kitu: ukitaka kumwumiza tajiri wa mkonge usichome shamba, acha tu kulisha korona. Victor Mkello na wenzake wa chama cha wafanyakazi wa mashambani walilielewa hilo kuliko wanauchumi wengi.

Mwaka 1964 uzalishaji ulivuka tani 230,000. Hakuna nchi duniani iliyokuwa mbele yetu. Na mwaka huo huo bei ikaanza kuporomoka.

Sasa turudi kwa wale wa nailoni. Ni kweli kamba za plastiki ziliingia miaka ya 1960 na kuvunja bei; hakuna anayebisha. Ila kama plastiki ndiyo iliyoua, mbona Brazil haikufa? Miaka ile ile sisi tunashuka, Brazil ilipanda, ikatupita, na hadi leo ndiyo inayoongoza duniani. Bei ilikuwa moja, plastiki ilikuwa moja.

Na wale wa Azimio. Oktoba 1967 serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge na kuyaweka chini ya shirika la umma. Usimamizi ulikuwa mbovu, hilo nalo sibishi; nimekua nikiona magofu yake. Lakini bei ilikuwa imeshaanguka miaka mitatu kabla ya Azimio, na wenye mashamba walikuwa wameshafanya kile ambacho kila mwenye shamba hufanya bei ikianguka: wameacha kupanda upya. Hapo ndipo penye kiini. Mche wa mkonge unachukua miaka miwili, mitatu kufikia kisu, kisha unakatwa kwa miaka kama saba, nane hivi. Ukiacha kupanda leo, mwaka huu huoni kitu, wala mwakani. Korona inaendelea kunguruma kwa majani ya zamani. Ni baada ya muongo ndipo milingoti inapotokea shamba zima kwa pamoja, majani yanapungua, na mashine iliyojengwa kwa ajili ya maelfu ya ekari inalishwa mia chache. Gharama ya kila tani ya singa inapanda, kwa hiyo fedha ya kupanda upya inapungua, kwa hiyo majani yanazidi kupungua. Vipuri vinatoka Uingereza na Ujerumani kwa fedha za kigeni ambazo nchi haina. Kiwanda hakiwezi kujipunguza ukubwa kama mtu anavyopunguza ekari za mahindi mwaka wa ukame. Kinaendeshwa chote au kinasimama chote. Vikasimama. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa ikitoa kama tani 20,000, sawasawa na Mjerumani mwaka 1913.

Kwa hiyo serikali ilitaifisha kitu kilichokuwa tayari kimeanza kufa kutoka ndani, na haikuwa na la kufanya isipokuwa kukiendesha vile vile kilivyokuwa kikiendeshwa, kwa korona zile zile, kambi zile zile, na vipimo vile vile vya kazi. Hilo ndilo kosa ninalolilaumu zaidi. Bendera ilibadilika, mashine haikuguswa.

Kuna nchi iliyojaribu njia nyingine, na inafaa tuijue vizuri kuliko tunavyoijua. Mwaka 1937 Rais Lázaro Cárdenas wa Mexico aligawa mashamba ya katani ya Yucatán kwa wakulima, ardhi nyingi mno. Ilikuwa siku ya furaha. Lakini sheria iliwaachia matajiri wa zamani hekta 150 kila mmoja, na wao hawakuwa wajinga: walichagua hekta zile zenye jengo la mashine. Mkulima akaamka ana ardhi, ana mimea, ana majani mabichi mkononi, na tajiri wake wa jana ana mlango pekee wa kuyapitishia. Akaendelea kumlipa, safari hii kwa kukatwa sehemu ya singa. Ukitaka kujua kama mageuzi ya mkonge ni ya kweli, usiulize hati ya ardhi imeandikwa jina la nani. Uliza ufunguo wa korona uko mfukoni mwa nani.

Sisi wenyewe tulikuwa na mkulima mdogo wa mkonge, ingawa tumemsahau. Usukumani watu walipanda mkonge kama uzio wa mashamba na maboma, na bei ilipopaa walikata majani ya ua, wakayapara kwa mkono, wakauza singa. Hakuna aliyewaletea kambi wala mnyapara. Singa zao hazikuwa safi kama za mashambani, na bei ilipodondoka waliacha bila kulia, wakarudi kwenye pamba na ng'ombe, ua likabaki ua. Tazama tofauti. Msukuma hakufilisika kwa sababu hakuwa na mashine ya kulisha. Aliingia sokoni alipotaka na kutoka alipotaka. Hakuwa na utajiri, ndiyo, lakini kwa zao lenye bei ya kichaa kama hili uhuru wa kutoka ni nusu ya faida.

Brazil nayo ilifuata njia inayofanana na hiyo, kwa mashine. Katika nyanda kame za Bahia, miji kama Valente na Conceição do Coité, mkonge ni wa wakulima wadogo, na mashine haikai katikati ya shamba. Inaburutwa hadi kwenye jani: kichuma kidogo chenye injini ya dizeli, wanakiita paraibana. Watu wachache wanafanya kazi siku nzima, kesho wanaiburuta kwa jirani. Ndiyo maana Brazil ilihimili bei mbaya. Mwaka mbaya mashine inalala, mwaka mzuri inaamka.

Ila sitaki kuiuza Brazil hapa kama dawa, maana paraibana inalishwa kwa mkono, jani baada ya jani, na anayelisha akichoka, mkono unafuata jani. Vijijini kule kuna kizazi kizima cha watu waliobaki bila vidole, bila viganja. Korona kubwa ya Tanga ina dhambi zake nyingi, lakini mkanda wake unamweka mtu mbali na visu. Kwa hiyo mtu akija na brosha ya mashine ndogo za bei nafuu, swali langu la kwanza litakuwa mkono wa mlishaji unafika wapi.

Baada ya mwaka 1998, mashamba ya umma yalipouzwa na kampuni ya Katani Ltd kuchukua sehemu yake kubwa, Tanga ilianza kugawa viwanja ndani ya mashamba ya zamani kwa wakulima wadogo. Ni hatua niliyoiunga mkono na bado ninaiunga mkono. Mtoto wa manamba anapata ekari zake pale pale baba yake alipojaza vyumba vya kipande. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Baadaye vikaja vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, na tangu mwaka 2019 serikali imeshika zao hili kwa mikono miwili, ikaliingiza kwenye mazao ya kimkakati, ikaweka lengo la tani 120,000 ifikapo mwaka 2025. Miche imegawiwa. Halmashauri zimeambiwa zipande. Mikoa ambayo haijawahi kuona mkonge imeagizwa ifungue vitalu.

Na ndipo wasiwasi wangu unapoanza. Taarifa ninazozisoma zinahesabu miche na hekta. Miche milioni kadhaa, hekta elfu kadhaa, mkuu wa wilaya ameshika jembe. Ni wachache wanaohesabu korona, na wachache zaidi wanaotaja uwezo wake kwa siku na umbali wake kutoka shamba la mwisho. Mche uliopandwa leo utakuwa jani baada ya miaka mitatu, na jani litataka mashine ndani ya siku mbili. Kama wakulima 500 watafikia kisu mwaka mmoja na korona iliyo karibu inaweza kuwahudumia 200, basi kutakuwa na foleni, na kwenye foleni ya mkonge anayepanga foleni ndiye tajiri mpya. Hahitaji kuwa mzungu wala shirika la umma. Anaweza kuwa katibu wa AMCOS.

Mjomba aliifahamu foleni hiyo. Mkonge wake ulikuwa safi, mistari imenyooka, magugu hakuna, jirani walikuwa wakija kuutazama. Zamu yake ya kukatiwa ikasogezwa mara tatu, kwanza trekta limeharibika, kisha korona iko kwenye matengenezo, kisha msimu wa mvua umeharibu barabara. Hakuna aliyemwibia. Hakuna aliyemdanganya hata, nadhani. Kila sababu aliyopewa ilikuwa ya kweli.

Jambo moja linanikera kila ninapopita Ngomeni, na naliweka hapa ingawa linatoka kidogo njiani. Kituo cha utafiti cha Mlingano ndicho kilichotoa chotara namba 11648, mkonge unaotoa majani mara mbili au zaidi ya mkonge wa Hindorf kabla ya kutoa mlingoti. Ni kazi ya kisayansi ya kujivunia, na ilifanyika Muheza. Leo China inalima chotara hiyo kama mkonge wake mkuu. Na mtaro wa tope la kijani nao: mwaka 2008 pale Hale mtambo ulianza kufua umeme kutokana na gesi ya taka hizo, kitu ambacho wakati ule kilikuwa kipya kabisa kwa zao hili duniani. Maarifa ya kupunguza gharama za korona tunayo, tena yalianzia nyumbani. Korona inayojiendesha kwa taka zake yenyewe ni korona inayoweza kumtoza mkulima kidogo zaidi. Sielewi kwa nini hilo si wimbo wa kila hotuba, mahali pa hekta.

Kama ningekuwa na nafasi ya kuomba kitu kimoja kwa wanaopanga, ningeomba kila kitalu kipya kiambatane na karatasi ya ukurasa mmoja: korona gani itachakata miche hii, inamilikiwa na nani, inachukua majani kiasi gani kwa siku, itatoza kiasi gani kwa kilo ya singa, na ikiharibika mkulima atalipwa na nani kwa majani yaliyooza. Ushirika ukinunua mashine yake kwa mkopo, mkopo huo uhesabiwe kabla ya mche wa kwanza kuingia ardhini, si baada ya jani la kwanza kuiva. Na pale ambapo karatasi hiyo haiwezi kujazwa, watu waachwe walime muhogo.

Mwaka juzi nilikwenda kuliona shamba la mjomba. Yeye alikwishafariki, na watoto wake wako Dar es Salaam. Ukilitazama kutoka barabarani linapendeza. Milingoti imesimama kila mstari, mirefu, vimche vimejaa kwenye matawi na vingine vimeanguka na kuota vyenyewe chini. Mpita njia mmoja aliniambia shamba hili limestawi sana. Nilisogea hadi kwenye mstari wa kwanza. Majani ya chini, yale ambayo yangekatwa miaka mingi nyuma, yalikuwa bado yapo, yamekauka, yamelala juu ya udongo, na miiba yake bado ilikuwa mikali.